Pikapu: Inyanyuliwe au Ishushwe?

Wakati wa masika, njia za udongo zinazoviunganisha vijiji vya Milima ya Usambara na mji wa Lushoto huwa tope tupu. Pikapu inayoendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma hutoka mashambani alfajiri ikiwa imepakia kabichi, karoti na nyanya. Mara nyingi hukwama njiani: tumbo la gari huketi juu ya tuta lililo katikati ya mifuo miwili ya magurudumu, na tairi huzunguka bure. Gari hilo hilo, likiisha kunasuliwa, huteremka kwa barabara ya lami kutoka Lushoto hadi Mombo, barabara yenye kona nyingi na makorongo ubavuni.

Mwenye gari akipeleka shida yake kwa mafundi, hupewa mashauri mawili yanayopingana. Fundi mmoja humwambia ainyanyue pikapu, ili tumbo lisiguse tope. Mwingine humwambia kwamba gari lililo juu halina utulivu, na kwamba lingekuwa chini lingeishika kona vizuri zaidi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Suala lenyewe si dogo: gari lisipopita, mboga huoza na mapato ya msimu hupotea; likipinduka, watu hufa.

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni za fizikia zinazotawala uamuzi huo. Kanuni hizo ni zile zinazofundishwa katika shule za sekondari, nazo ni uwiano wa kani, momenti, msuguano na nishati ya springi. Kwa kutumia rula, mizani na hesabu za kawaida, mwanafunzi anaweza kulijibu swali ambalo mara nyingi huamuliwa kwa mazoea au kwa kupenda sura ya gari.

Asili ya mitindo hii miwili

Mitindo yote miwili ilistawi sana Amerika ya Kaskazini. Kushusha magari kulipata umaarufu katika jimbo la California, Marekani, hasa miongoni mwa vijana wa asili ya Kimexico baada ya Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya jimbo hilo ilikataza gari ambalo sehemu yake yoyote imeshuka chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Katazo hilo lilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Gari la namna hiyo lilikusudiwa kwenda polepole katika barabara laini za mjini, na kutazamwa.

Kunyanyua pikapu za magurudumu mawili kulitokana kwa sehemu kubwa na mbio za jangwani katika rasi ya Baja California nchini Mexico, zilizoanza mwaka 1967. Kabla ya mashindano, madereva walikuwa wakiikagua njia kwa pikapu zilizoinuliwa na kutiwa springi zenye nafasi kubwa ya kucheza. Ilidhihirika kwamba katika mchanga na mawe gari la magurudumu mawili linaweza kufika mbali, mradi magurudumu yaweze kupanda na kushuka bila kuurusha mwili wa gari.

Afrika Mashariki nayo ilitoa ushahidi wake. Katika mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, magari yaliyoshinda hadi mwaka 1986 yalikuwa ya magurudumu mawili. Shekhar Mehta wa Kenya alishinda mara tano, yaani mwaka 1973 na kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982, akitumia magari ya Datsun yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni mwaka 1987 tu ndipo gari la magurudumu manne, Audi 200 quattro, liliposhika nafasi ya kwanza. Magari ya Safari yaliinuliwa kiasi, lakini zaidi yaliimarishwa: springi, shokapu, na mabamba ya chuma ya kulinda tumbo la injini. Fundisho hilo litarejewa hapo mbele.

Vimo vitatu katika gari moja

Chanzo cha mabishano ya mafundi ni neno moja, yaani "kimo". Pikapu ina vimo vitatu vilivyo tofauti, na badiliko moja halivigusi vyote kwa kiasi kilekile.

Kimo cha kwanza ni nafasi iliyo chini ya difu, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Kimo cha pili ni nafasi iliyo chini ya mwili wa gari: chesi, sampu ya injini, bamba la mbele na bomba la moshi. Kimo cha tatu hakionekani kwa macho. Ni kimo cha kitovu cha graviti, mahali ambapo uzito wote wa gari na shehena huhesabiwa kuwa umekusanyika.

Ichukuliwe pikapu ya mfano yenye tairi za kipenyo cha sentimita 68. Gari likisimama, tairi hubonyea kidogo, hivyo kitovu cha gurudumu huwa kiasi cha sentimita 32 kutoka ardhini. Ikiwa sehemu ya chini ya difu imeteremka sentimita 13 chini ya kitovu hicho, nafasi iliyobaki ni sentimita 19. Sasa fundi aweke vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ili aunyanyue mwili kwa sentimita 10. Chesi itapanda sentimita 10, na kitovu cha graviti kitapanda karibu kiasi hicho. Lakini difu haitapanda hata kidogo, kwa sababu ekseli inabebwa na magurudumu na si na springi. Nafasi chini yake itabaki sentimita 19 zile zile.

Kitu pekee kinachoweza kuinyanyua difu ni tairi kubwa zaidi. Tairi la kipenyo cha sentimita 74 litaongeza nusu tu ya tofauti, yaani sentimita 3. Basi, mwenye pikapu ambaye difu yake ndiyo inayolima tuta la katikati ya njia, akilipia springi za juu, amenunua kimo asichokihitaji.

Faida ya kweli ya kunyanyua

Isidhaniwe kwamba kunyanyua mwili hakuna faida. Gari lenye ekseli mbili zilizo mbalimbali, likivuka mgongo wa kilima kidogo au ukingo wa mtaro, huweza kugusa kwa tumbo. Kama ekseli zimetengana kwa mita 2.8 na tumbo liko sentimita 20 juu ya ardhi, gari linaweza kuvuka mgongo wenye pembe ya takriban nyuzi 16. Tumbo likiwa sentimita 30 juu, pembe hiyo hufikia nyuzi 24. Vivyo hivyo pua ya gari na mkia wake huweza kuingia na kutoka katika makorongo yenye kingo kali zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ninyanyue kiasi gani?" bali ni "ni sehemu gani inayogusa?" Jibu lake linaonekana chini ya gari lenyewe. Sehemu iliyokwaruzwa na mawe, au iliyopondeka, ndiyo inayotoa ushahidi. Ikiwa ni bamba la mbele au sampu, kunyanyua kiasi kidogo kutasaidia, na bamba imara la kukinga sampu huenda likatosha. Ikiwa ni difu, springi hazina msaada.

Magurudumu mawili yanayosukuma

Wapo wanaoamini kwamba pikapu iliyonyanyuliwa hupata nguvu za gari la magurudumu manne. Imani hiyo haina msingi. Kani inayolisukuma gari mbele ni msuguano kati ya ardhi na magurudumu yanayozungushwa na injini, na msuguano huo hautegemei kimo cha mwili. Unategemea mambo mawili: uzito unaoyakandamiza magurudumu hayo, na hali ya ardhi na tairi, ambayo hupimwa kwa namba iitwayo kizigeu cha msuguano.

Pikapu ya mfano ina tungamo la kilo 1,400 ikiwa tupu, na katika hizo kilo 600 tu ndizo zinazobebwa na ekseli ya nyuma. Mchapuko wa graviti ukikadiriwa kuwa 10, uzito juu ya magurudumu ya nyuma ni nyutoni 6,000. Katika tope, kizigeu kikiwa 0.3, kani kubwa kabisa ya kusukuma ni nyutoni 1,800. Uzito wa gari zima ni nyutoni 14,000. Kwa hiyo pikapu hiyo itaweza kupanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 8 za njia, lakini si zaidi ya hapo.

Sasa ipakiwe shehena ya kilo 400 juu ya ekseli ya nyuma. Uzito juu ya magurudumu yanayosukuma hufikia nyutoni 10,000, na kani ya kusukuma nyutoni 3,000. Gari zima sasa lina nyutoni 18,000, nalo huweza kupanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 6. Gari limekuwa zito zaidi, lakini linapanda mlima mkali zaidi. Ndiyo sababu madereva wenye uzoefu huweka mifuko ya mchanga nyuma ya pikapu tupu wakati wa mvua.

Je, kimo hakiongezi chochote? Kinaongeza kidogo. Gari likiwa katika mwinuko, sehemu ya uzito wake huegemea nyuma, na kitovu cha graviti kikiwa juu, uzito huo huegemea zaidi. Katika mwinuko wa mita 1 kwa 8, kukipandisha kitovu kwa sentimita 9 kunaongeza nyutoni 56 juu ya magurudumu ya nyuma, yaani sawa na kilo 6 hivi za mzigo. Mtungi mdogo wa maji ungetoa faida hiyo hiyo.

Lipo jambo jingine. Difu ya kawaida hugawa kani sawasawa kwa magurudumu yote mawili. Gurudumu moja likiwa katika utelezi, lile jingine nalo halipati kani zaidi ya ile inayoweza kushikwa na mwenzake. Kwa sababu hiyo, pikapu ya magurudumu mawili iliyokwama mara nyingi huzungusha gurudumu moja tu. Difu ya kujifunga, tairi zenye meno makubwa, au minyororo ya tairi hutibu kasoro hiyo, kunyanyua hakuitibu.

Kona na hatari ya kupinduka

Gari linapopita katika kona, msuguano wa tairi hulivuta kuelekea upande wa ndani wa kona, ilhali mwili wake hutaka kuendelea kwenda moja kwa moja. Kani hiyo ya msuguano hufanya kazi ardhini, lakini kitovu cha graviti kiko juu. Matokeo yake ni momenti inayotaka kulilaza gari upande wa nje. Momenti inayolizuia lisilale hutokana na uzito wake na upana wa kutoka tairi hadi tairi.

Kutokana na momenti hizo mbili hupatikana kigezo rahisi cha uthabiti: nusu ya upana wa kati ya magurudumu, igawanywe kwa kimo cha kitovu cha graviti. Tangu mwaka 2001, idara ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara kuu imekuwa ikitumia kigezo hiki katika kuyapanga magari kwa hatari ya kupinduka. Magari madogo ya abiria kwa kawaida huwa na kigezo cha 1.3 hadi 1.5, pikapu na magari marefu ya aina yake huwa kati ya 1.0 na 1.3.

Pikapu ya mfano ina upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, na kitovu chake kiko mita 0.65 juu ya ardhi. Ikinyanyuliwa sentimita 10, kitovu hupanda kama sentimita 9, kwa sababu ekseli na magurudumu hubaki mahali pake. Shehena ni kilo 800. Ikipangwa kwa kurundikwa, kitovu chake huwa mita 1.3 juu ya ardhi; ikitandazwa chini, huwa mita 1.0. Matokeo ya hesabu ni haya:

Jedwali: Kimo cha kitovu na kigezo cha uthabiti

Tupu, kimo cha kiwandani: mita 0.65, kigezo 1.15
Tupu, imenyanyuliwa sm 10: mita 0.74, kigezo 1.01
Tupu, imeshushwa sm 10: mita 0.56, kigezo 1.34
Shehena imerundikwa, kimo cha kiwandani: mita 0.89, kigezo 0.85
Shehena imerundikwa, imenyanyuliwa: mita 0.98, kigezo 0.77
Shehena imerundikwa, imeshushwa: mita 0.79, kigezo 0.95
Shehena imetandazwa, kimo cha kiwandani: mita 0.78, kigezo 0.97

Maana ya namba hizi hudhihirika zikilinganishwa na msuguano wa tairi juu ya lami kavu, ambao kizigeu chake ni kama 0.8. Gari lenye kigezo kikubwa kuliko kizigeu hicho, likiingia katika kona kwa kasi iliyozidi, kwanza huteleza. Tairi hulia, dereva hupata onyo, naye huweza kupunguza mwendo. Gari lenye kigezo kidogo kuliko kizigeu hicho halitelezi. Hupinduka likiwa bado limeshika lami, bila onyo.

Pikapu iliyonyanyuliwa na kurundikwa shehena ina kigezo cha 0.77. Imevuka mpaka huo. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 25, kama zilivyo kona kali za milimani, kasi ya kupinduka ni kama kilomita 50 kwa saa, ilhali kuteleza kungeanza kwenye kilomita 51. Katika hali halisi mpinduko huja mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa springi hulalia upande mmoja, tairi hubonyea, na mzigo usiofungwa husogea. Abiria walioketi juu ya mzigo hukipandisha kitovu zaidi, nao ndio wa kwanza kurushwa.

Mistari miwili ya mwisho ya jedwali yafaa kutazamwa kwa makini. Kuishusha pikapu kwa sentimita 10 kunakipandisha kigezo hadi 0.95. Kuitandaza shehena badala ya kuirundika, bila kuligusa gari lenyewe, kunakipandisha hadi 0.97. Upangaji mzuri wa mzigo umeishinda kazi ya fundi, na hauna gharama yoyote isipokuwa subira wakati wa kupakia.

Kushusha na nafasi ya springi

Ikiwa kushusha kunaongeza utulivu, kwa nini pikapu zote zisishushwe? Jibu limo katika kazi ya springi. Gurudumu likigonga tuta, springi hujikunja na kuipokea nishati ya pigo. Nishati inayohifadhiwa na springi ni nusu ya ugumu wake ikizidishwa kwa mraba wa umbali iliojikunja. Kwa kuwa umbali umo katika mraba, ukipunguzwa kwa nusu, mathalani kutoka sentimita 10 hadi 5, springi lazima iwe na ugumu mara nne ili iweze kuipokea nishati ile ile. Na kani inayofika kwenye chesi mwishoni mwa pigo itakuwa mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu gari lililoshushwa hupanda barabara yenye mawimbi kama mkokoteni. Asipotia springi ngumu zaidi, mwenye gari atasikia ekseli ikigonga mpira wa kuzuia mgongano kila afikapo shimo. Akizitia, gari tupu litarukaruka, na magurudumu yaliyoiacha ardhi hayana breki wala usukani.

Pikapu ina shida ya ziada: imeundwa kubeba mzigo. Ikiwa tupu, husimama mkia juu, na wengi huiona kuwa na sura mbaya. Lakini nafasi ile ya nyuma si kosa la mchoraji. Ni akiba ya springi inayongoja shehena. Anayeishusha nyuma ameitumia akiba hiyo kabla ya kupakia gunia la kwanza. Kuondoa jani moja la springi au kukata koili ni hatari zaidi, kwa kuwa uwezo wa kubeba hupungua ilhali mzigo ni ule ule.

Gari lililoshushwa hufaa kwa barabara laini, mizigo myepesi na safari ndefu za lami. Hapo pia hupata faida ndogo ya upepo. Ukinzani wa hewa hutegemea eneo la uso wa gari na huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari la chini hutumia petroli pungufu kidogo katika mwendo mkubwa. Katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa juu ya changarawe, faida hiyo haihesabiki.

Madhara yaliyofichika

Badiliko la kimo huambatana na mabadiliko mengine ambayo hayaonekani siku ya kwanza. Propela inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu hubadilisha pembe yake. Jointi zake huanza kutetemeka na kulika. Mikono ya mbele ya usukani na boljointi hukaa katika pembe zisizokusudiwa, na tairi huliwa upande mmoja. Bomba la mpira la breki lisipoongezwa urefu huweza kuvutika hadi likatike. Taa za mbele huelekea juu na kuwapofusha madereva wanaokuja.

Tairi kubwa zina gharama yake pia. Kani ya kusukuma ardhini ni momenti ya ekseli ikigawanywa kwa nusu kipenyo cha tairi. Tairi la sentimita 74 badala ya 68 huongeza mgawanyo huo kwa asilimia 9 hivi, na kani hupungua kwa asilimia 8. Injini ile ile sasa inapanda mlima ule ule kwa taabu zaidi. Spidomita nayo hudanganya: ikisoma 80, gari limefika kilomita 87 kwa saa.

Breki huathirika pia. Gari linapofunga breki, uzito husogea kwenda mbele kwa kiasi kinachotegemea kimo cha kitovu. Pikapu tupu ya mfano ikipunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, kiasi cha kilo 163 huondoka katika ekseli ya nyuma. Ikinyanyuliwa, huondoka kilo 185. Magurudumu ya nyuma, ambayo tayari ni mepesi, hufunga mapema na mkia huweza kuzunguka.

Namna ya kuamua

Kutokana na maelezo haya, uamuzi unaweza kufuata hatua chache. Kwanza, ipimwe njia yenyewe: kina cha mifuo, urefu wa tuta la katikati, na ukali wa kona. Pili, gari lichunguzwe chini ili kuona sehemu inayogusa. Tatu, ijulikane shehena ya kawaida na jinsi inavyopangwa. Nne, kihesabiwe kigezo cha uthabiti gari likiwa limepakiwa, si likiwa tupu, kwa kuwa magari ya kazi huingia katika kona yakiwa na mzigo.

Kwa pikapu ya Usambara iliyoelezwa mwanzoni, hesabu zinaelekeza upande mmoja. Kushusha hakufai, kwa sababu ya tuta la katikati ya njia na kwa sababu ya mzigo. Kunyanyua kwa sentimita 10 hakufai, kwa sababu hakuiinui difu, hakuongezi kani ya kusukuma, na kwenye barabara ya Mombo kunalivusha gari mpaka wa kuteleza na kuliingiza katika kupinduka. Kinachofaa ni kuziacha springi katika kimo cha kiwandani na kubadilisha zilizochoka, kwa maana springi zilizolegea zimekwisha kulishusha gari bila mwenyewe kujua. Yaongezwe tairi zenye meno makubwa za kipimo kinachokubaliwa na mtengenezaji, bamba la kukinga sampu, na minyororo kwa siku za mvua. Shehena itandazwe chini, ifungwe, na sehemu nzito iwe karibu na ekseli ya nyuma. Ndivyo walivyofanya, kwa kiasi chao, mafundi wa magari ya Safari: waliimarisha kwanza, wakainua kidogo tu.

Mwenye pikapu ya kupeleka bidhaa nyepesi katika mitaa ya lami anaweza kufikia uamuzi tofauti, naye mwenye kuvuka makorongo makavu kwa mwendo mdogo na mzigo mdogo anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kunyanyua. Kanuni ni zile zile. Kinachobadilika ni namba zinazoingizwa.

Jaribio la darasani

Zichukuliwe mbao tatu za mstatili zenye upana wa sentimita 6, na vimo vya sentimita 6, 8 na 10. Ubao mpana ulazwe mezani, na ukanda mwembamba upigiliwe karibu na ukingo wake ili kuzuia mbao zisiteleze. Kila ubao wa mstatili usimamishwe ukiwa umeegemea ukanda huo, kisha upande wa pili wa ubao mpana uinuliwe polepole. Pembe ya mwinuko ipimwe wakati kila ubao unapoanguka.

Kwa kuwa kitovu cha ubao kiko katikati yake, kigezo cha uthabiti ni 1.0 kwa ubao wa kwanza, 0.75 kwa wa pili, na 0.6 kwa wa tatu. Tanjiti ya pembe ya kuanguka ni sawa na kigezo hicho. Hivyo pembe zitarajiwe kuwa karibu na nyuzi 45, 37 na 31. Baadaye kipande kidogo cha risasi kigundishwe juu ya ubao wa kwanza, kisha kihamishiwe chini, na pembe ipimwe tena. Wanafunzi wataona kwamba umbo la nje halikubadilika hata kidogo, bali ubao ulianguka mapema au kuchelewa kwa kufuata mahali ulipowekwa uzito.